Kufa na Kuishi kwa Roki ya Kimaendeleo: Uhakiki wa Fani Iliyoachwa na Wenyewe

Utangulizi

Katika historia ya sanaa ni jambo la kawaida kusikia kwamba utanzu fulani umekufa. Hukumu hiyo hutolewa upesi, na mara nyingi hutolewa na wale waliokwisha kuuchoka utanzu wenyewe. Wanaokuja baadaye huipokea kama habari ya kweli, wakaiandika vitabuni, na hatimaye hapana anayeuliza ni kitu gani hasa kilichokufa: ni wasanii, ni fani, ni hadhira, au ni biashara iliyokuwa ikiwalisha wote hao. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuutazama muziki wa roki ya kimaendeleo, uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, ukatukuka kwa muda wa miaka sita au saba, kisha ukatangazwa kuwa umekufa mnamo 1977.

Masimulizi yaliyozoeleka ni mafupi. Yasemekana kwamba wanamuziki wa roki ya kimaendeleo walilewa sifa, wakatunga nyimbo ndefu zisizokwisha, wakajizungushia vinanda na moshi wa jukwaani, wakawasahau vijana waliowanunulia mkate. Ndipo wakatokea vijana wa panki, wenye gitaa, ghadhabu na nyimbo za dakika tatu, wakawafagia wote kwa majira ya kiangazi kimoja. Masimulizi haya yana mvuto wa ngano: mwenye kiburi huanguka na mnyonge hushinda. Lakini ngano si historia. Makala haya yanadai kwamba masimulizi hayo yanachanganya mambo matatu yanayopaswa kutengwa, yaani wanamuziki, fani na hadhira. Wanamuziki wengi waliokoka kwa kuiacha fani yao. Fani nayo iliokoka kwa kuhamia kwa watu wengine na nchi nyingine. Kilichopotea, na ambacho hakijarejea, ni hadhira pana iliyokuwa ikiisikiliza kwa pamoja.

Jina na Fani

Jina lenyewe linastahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa limebeba dai. Kuuita muziki kuwa ni wa kimaendeleo ni kusema kwamba muziki una mbele na nyuma, na kwamba kuna wanaoelekea mbele na waliobaki nyuma. Waliolipokea jina hilo waliamini kwamba roki haikuumbwa iwe muziki wa kuchezea dansi tu. Iliweza kukua, ikakopa kutoka muziki wa okestra wa Ulaya, kutoka jazi, kutoka nyimbo za jadi za Uingereza na kutoka ushairi. Mtunzi aliyeridhika na mafanikio ya jana alikuwa, kwa kipimo cha jina hilo, amekwisha kuiasi fani.

Albamu inayotajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua njia ni ya bendi ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, iliyotolewa Oktoba 1969. Baada yake mambo yalikwenda kwa kasi. Emerson, Lake & Palmer walitoa Tarkus mwaka 1971. Mwaka 1972 peke yake ulileta Close to the Edge ya Yes, Foxtrot ya Genesis na Thick as a Brick ya Jethro Tull. Mwaka uliofuata Pink Floyd walitoa The Dark Side of the Moon, ambayo ilikaa katika orodha ya mauzo ya albamu mia mbili za juu nchini Marekani kwa majuma 741 kati ya 1973 na 1988.

Fani hii ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilitokana na kifaa. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua dakika ishirini na kitu. Kabla ya hapo upande huo ulijazwa nyimbo tano au sita zisizohusiana. Watunzi hawa waliuona kuwa ni uwanja mmoja, wakaujaza utungo mmoja. Utungo uitwao Close to the Edge una sehemu nne na huchukua zaidi ya dakika kumi na nane. Supper's Ready ya Genesis una sehemu saba na hukaribia dakika ishirini na tatu. Thick as a Brick hukatika mara moja tu, pale msikilizaji anapolazimika kuigeuza santuri.

Urefu huo ndio uliolaumiwa kuliko jambo jingine lolote, na kwa hiyo ni haki kuuliza ulikuwa na kazi gani. Close to the Edge huanza kwa sauti za ndege na maji. Ghafla bendi nzima huingia, kila ala ikienda kana kwamba haizisikii nyingine, na msikilizaji hukosa pa kushika. Baadaye tu ndipo wimbo hupata mwendo na kiitikio. Sehemu ya tatu hutulia kabisa: sauti za waimbaji zinapishana juu ya vinanda, na ogani la kanisa linanguruma. Kisha mwendo wa awali hurejea, kiitikio hurudi kikiwa kimepata uzito ambao hakikuwa nao mwanzoni, na utungo huishia pale ulipoanzia, kwa ndege na maji. Mzunguko huu hauwezi kufanywa kwa dakika tatu. Kurudi kwa kiitikio kuna maana kwa sababu msikilizaji amesafiri, na safari haina njia ya mkato. Hali kadhalika Supper's Ready huanza chumbani, baina ya mwanamume na mwanamke, na huishia katika taswira za Yerusalemu mpya za Kitabu cha Ufunuo. Ala hushikilia kipimo cha mapigo tisa kwa muda mrefu, ogani likielea juu yake kwa hesabu yake lenyewe, na muziki wa sehemu za mwanzo hurejea ukiwa mkubwa mara nyingi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lugha ya Nyimbo

Ikiwa muundo wa muziki ulikuwa imara, maneno yalikuwa na hali nyingine. King Crimson ilikuwa na Peter Sinfield, ambaye hakuwa mwimbaji katika bendi hiyo. Kazi yake kuu ilikuwa maneno, pamoja na taa za jukwaani. Kumhesabu mshairi kuwa mwanabendi kamili lilikuwa tamko juu ya hadhi ya maneno. Peter Gabriel wa Genesis aliandika kwa kejeli na mzaha wa Kiingereza, akichanganya vitendawili vya watoto na Biblia. Peter Hammill wa Van der Graaf Generator aliandika juu ya hofu na upweke kwa ukali usio na mapambo.

Jon Anderson wa Yes alikwenda njia tofauti. Maneno yake mara nyingi yamechaguliwa kwa mlio kabla ya maana. Njia hiyo hufaa pale muziki unapoyabeba, kama katika Close to the Edge. Udhaifu wake ulidhihirika katika Tales from Topographic Oceans ya mwaka 1973, albamu ya santuri mbili yenye tungo nne tu, kila moja ikijaza upande mzima. Chanzo chake kilikuwa tanbihi moja katika tawasifu ya Paramahansa Yogananda. Humo mna vipande vya uzuri mkubwa, lakini muundo haudai dakika themanini. Dakika themanini ndizo zinazodai muundo. Mpiga vinanda wa bendi hiyo, Rick Wakeman, hakuridhika nayo, akajitoa mwaka 1974. Hata hivyo albamu ilifika nafasi ya kwanza ya mauzo Uingereza. Mauzo hayo yanaonyesha kwamba ugonjwa ulianza wakati soko lingali limenona.

Isitoshe, wenye fani wenyewe waliuona ugonjwa mapema. Thick as a Brick ya Ian Anderson na Jethro Tull ilidaiwa kuwa shairi la mtoto wa miaka minane, na jalada lake lilichapwa kama gazeti zima la mji mdogo. Ilikusudiwa kuwa dhihaka juu ya albamu za wazo moja, na papo hapo ikawa mojawapo ya albamu bora za aina hiyo. Utanzu unaoweza kujicheka kwa ustadi wa namna hiyo katika mwaka wake wa utukufu haukuwa kipofu kama inavyosimuliwa.

Suala la lugha lilikuwa zito zaidi nje ya Uingereza. Nchini Italia, bendi za Premiata Forneria Marconi na Le Orme ziliimba kwa Kiitaliano na zikapendwa kwao. Zilipotaka soko la nje, zilitakiwa ziimbe Kiingereza. Mwaka 1973 Sinfield aliwaandikia Premiata Forneria Marconi maneno ya Kiingereza kwa ajili ya albamu ya Photos of Ghosts, na hayakuwa tafsiri bali maneno mapya kwa muziki uleule. Wimbo mmoja tu uliachwa katika Kiitaliano. Hammill alifanya kazi kama hiyo kwa Felona e Sorona ya Le Orme. Waandishi hao wawili walikuwa miongoni mwa bora waliopatikana, na kazi yao haikuwa ya ovyo. Hata hivyo ni dhahiri kwamba kilichoitwa maendeleo kilikuwa na lugha yake rasmi, na aliyetaka kuhesabiwa kuwa yuko mbele ilimpasa aizungumze.

Jawabu la ajabu kuliko yote lilitoka Ufaransa. Christian Vander, mpiga ngoma na mwanzilishi wa Magma, hakuchagua Kifaransa wala Kiingereza. Alijitungia lugha yake, Kikobaia, lugha ya sayari ya kubuni iitwayo Kobaïa, akaitumia tangu albamu ya kwanza ya mwaka 1970. Mwanaisimu hatapata humo sarufi timamu ya kumtosheleza. Atapata mfumo wa sauti: konsonanti nzito, silabi fupi zinazogongana na ngoma, maneno yanayorudiwa na kwaya mpaka yakapata uzito wa ibada. Vander aliondoa mgogoro wa maana kwa kuiondoa maana ya kamusi yenyewe, na hivyo akawa huru kwa kiasi ambacho bendi za Italia hazikukipata. Hapana kampuni iliyoweza kumwomba aimbe lugha inayouzika, maana hapana msikilizaji hata mmoja duniani aliyekuwa mzawa wa lugha yake.

Tuhuma juu ya Panki

Tarehe zikipangwa kwa utaratibu, masimulizi ya kuuawa na panki hayasimami. Robert Fripp aliivunja King Crimson Septemba 1974. Gabriel aliiacha Genesis mwaka 1975. Santuri ya kwanza ya Sex Pistols ilitoka Novemba 1976. Lester Bangs, mhakiki wa gazeti la Creem la Marekani, alikuwa amekwisha kuwashambulia Emerson, Lake & Palmer tangu 1974. Kwa hiyo kuvunjika na kulaumiwa kulitangulia, na panki ilifuata.

Tena, mwaka 1977 wenyewe, unaodaiwa kuwa mwaka wa maziko, haukuwa mbaya kwa marehemu. Going for the One ya Yes ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Animals ya Pink Floyd ilishika ya pili. Emerson, Lake & Palmer walifika nafasi ya pili kwa utungo wa Aaron Copland walioupanga upya. Ni kweli kwamba John Lydon wa Sex Pistols alivaa fulana iliyotangaza chuki yake kwa Pink Floyd. Ni kweli vilevile kwamba Julai 1977, alipoalikwa na kituo cha redio cha Capital jijini London achague muziki aupendao, alipiga nyimbo za Peter Hammill. Mtu huyohuyo aliyefanywa kuwa mnyongaji wa roki ya kimaendeleo alikuwa msikilizaji wa mmojawapo wa watunzi wake wakuu.

Sababu za kweli hazina budi kutafutwa katika misingi ya kiuchumi. Fani hii ililelewa na kampuni zilizokuwa tayari kuwapa wanamuziki muda na uhuru, na kumbi za vyuo vikuu vya Uingereza zilizokuwa na wasikilizaji wenye subira. Bendi zilipofaulu, zilihama kumbi hizo na kwenda viwanjani, ambako gharama za taa, vipaza sauti na malori zilipanda. Mwaka 1977 Emerson, Lake & Palmer walianza ziara ya Amerika Kaskazini wakiwa na okestra nzima; haukupita muda wakalazimika kuiacha kwa sababu ya gharama. Huko Marekani vituo vya redio vilivyokuwa vikipiga upande mzima wa santuri viligeukia orodha fupi za nyimbo zilizochaguliwa na wakubwa wa vituo.

Mfano wa kampuni ya Virgin unatosha kuufafanua mgeuko huo. Santuri yake ya kwanza, Mei 1973, ilikuwa Tubular Bells ya Mike Oldfield, utungo mmoja wa ala unaojaza pande zote mbili, na kwa faida yake kampuni ilisimama. Mei 1977 kampuni hiyohiyo iliwasajili Sex Pistols. Mwenye duka alikuwa mmoja. Alichobadilisha ni bidhaa iliyowekwa mbele. Bendi moja ya panki ilirekodiwa kwa siku chache na kwa gharama ndogo, ilhali bendi ya kimaendeleo ilikaa studio kwa miezi. Kwa upande wa hesabu, jambo halikuhitaji ngano ya kiburi na anguko.

Pamoja na hayo, haki yataka panki ipewe stahili yake. Wanamuziki wa Genesis waliounda bendi hiyo walikutana Charterhouse, shule ya watoto wa wenye uwezo. Vinanda vya elektroniki vilikuwa ghali, na ustadi ulitaka miaka ya masomo. Kijana wa mtaa wa maskini aliyeisikiliza Tarkus aliweza kustaajabu; hakuweza kujiunga. Panki ilimwambia kwamba anaweza. Ujumbe huo haukuiua fani ndefu, lakini uliondoa haya ya kuicheka, na kwa wahakiki vijana kuicheka kukawa alama ya kuonyesha mtu yu upande gani.

Walioiacha Fani

Ikiwa wanamuziki walikufa, walikufa kwa namna isiyo ya kawaida. Genesis, walipobaki watatu, walitoa mwaka 1978 wimbo mfupi wa mapenzi, Follow You Follow Me, ukawa wa kwanza wao kuingia katika kumi bora za Uingereza. Mwaka 1986 wimbo wao Invisible Touch ulifika nafasi ya kwanza Marekani. Yes walifika nafasi hiyo Januari 1984 kwa Owner of a Lonely Heart. Wanamuziki waliotoka Yes, King Crimson na Emerson, Lake & Palmer waliunda bendi ya Asia, na albamu yao ya mwaka 1982 ilikaa kileleni mwa orodha ya Marekani kwa majuma tisa. Hata Sinfield, mshairi wa King Crimson, alishiriki kuandika The Land of Make Believe, ulioimbwa na Bucks Fizz na kushika nafasi ya kwanza Uingereza Januari 1982, na Think Twice, ulioimbwa na Céline Dion na kushika nafasi hiyo mwaka 1995.

Wapo waliouita mwenendo huo usaliti. Hukumu hiyo ni nyepesi. Mtu anayejua kuongoza dakika ishirini za muziki ana ujuzi wa kuongoza dakika nne, na uimara wa nyimbo hizo fupi ni matunda ya shule ile ndefu. Tena fani haikutupwa yote: katika albamu ya Invisible Touch, baina ya nyimbo za redio, umo utungo wa Domino wenye sehemu mbili na urefu wa dakika kumi hivi. Mamilioni walioinunua albamu kwa ajili ya wimbo mfupi walipewa na ule mrefu. Fani ilikuwa imejificha ndani ya nyumba yake yenyewe, ikilipiwa kodi na mdogo wake.

Fani Iliyohama

Wakati wenyewe wakiiacha, wengine waliiokota. Nchini Kanada kampuni iliitaka bendi ya Rush itunge nyimbo fupi zinazouzika. Bendi ilijibu mwaka 1976 kwa 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni utungo mmoja, na albamu hiyo ndiyo iliyoiokoa. Huko Aylesbury, Uingereza, bendi ya Marillion iliundwa mwaka 1979, wakati ambapo kwa mujibu wa masimulizi hapakuwa na kitu cha kuiga. Misplaced Childhood yao ya mwaka 1985, albamu inayotiririka bila kukatika kila upande, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1992 Dream Theater ya Marekani iliiunganisha fani na roki nzito katika Images and Words, na mwaka huohuo Änglagård ya Uswidi ikatoa Hybris, ikitumia kwa makusudi vinanda vya Mellotron ambavyo wengi walikuwa wamevisahau.

Jambo kubwa zaidi lilitokea katika njia ya kulipia muziki. Mwaka 1997 Marillion hawakuwa na fedha za ziara ya Marekani. Mashabiki wao, wakiwasiliana kwa intaneti, walichanga wenyewe dola elfu sitini hivi, ziara ikafanyika. Kwa ajili ya albamu ya Anoraknophobia ya mwaka 2001, bendi iliwaomba mashabiki wainunue kabla haijarekodiwa, na zaidi ya watu 12,000 wakafanya hivyo. Utanzu uliodaiwa kufa kwa kujitenga na watu wake uliokolewa na watu wake, na njia hiyo ya mchango baadaye ikaigwa na wasanii wa aina nyingi. Tamasha zilifuata mkondo huohuo: NEARfest ya Pennsylvania iliendeshwa kuanzia 1999 hadi 2012. Wasomi nao walirejea. Mwaka 1997 Edward Macan alichapisha Rocking the Classics na Paul Stump akachapisha The Music's All That Matters, na utanzu ukapata uhakiki wa kitaaluma ulioukosa ulipokuwa na nguvu.

Uhai wa Namna Gani?

Swali lililobaki ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Fani ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kusonga mbele, je, inaishi ikiwa inahifadhiwa ilivyokuwa? Grendel, utungo wa Marillion wa dakika kumi na saba wa mwaka 1982, umefuata nyayo za Supper's Ready kwa ukaribu hata baadhi ya mapigo yanatambulikana. Hybris ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini mengi ndani yake yangaliwezekana mwaka 1973. Bendi nyingi za baadaye zimeshika vazi: sehemu nyingi, mapigo saba, majalada ya michoro ya ndoto. Mavazi hayo yalikuwa dalili za uvumbuzi. Yalipogeuzwa kanuni, yalianza kuupinga uvumbuzi uliyoyazaa.

Mfano wa kinyume upo, na unatoka kwa yule aliyekuwa wa kwanza kuvunja. Fripp aliporudi na King Crimson mwaka 1981 katika albamu ya Discipline, hapakuwa na Mellotron wala tungo za upande mzima. Palikuwa na gitaa mbili zilizosukana kwa mafungu ya mapigo yasiyolingana, kwa namna inayokumbusha ala za gamelan za Indonesia. Wasikilizaji waliokuja kutafuta mwaka 1969 hawakuupata. Walakini kwa kipimo cha jina lenyewe, hii ndiyo iliyokuwa kazi ya kimaendeleo kuliko zote za mwongo ule. Magma nao, waliorejea mwaka 1996, walitoa K.A mwaka 2004 na Zëss mwaka 2019, wakiendelea na lugha yao bila kuifanya kumbukumbu ya ujana.

Yatokanayo ni kwamba uhai wa fani hii umegawanyika. Kuna uhai wa kuhifadhi, nao si wa kudharauliwa, kwa kuwa kisichohifadhiwa hakiwezi hata kukataliwa. Kuna na uhai wa kuendelea, ambao ni wa wachache. Wote wawili, hata hivyo, wamekosa kitu kimoja walichokuwa nacho wa mwanzo. Mwaka 1974 albamu yenye tungo nne za dakika ishirini iliweza kuwa ya kwanza katika mauzo ya nchi nzima: ilisikilizwa na walioipenda, walioichukia na waliokuwa wakingojea waone. Hadhira ya leo ni ya wenye mapenzi tu. Inalipa, inasafiri, inajua kila tarehe. Haina mtu wa kuipinga. Msanii anayewaimbia waliokwisha kumkubali hupata riziki, lakini hukosa yule mgeni mkaidi aliyemlazimisha kuthibitisha kwamba dakika ishirini zinastahili kutumika.

Hitimisho

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili suala hili halipaswi kuwa geni. Utenzi nao ni fani ndefu, wenye mizani nane na kina cha mwisho kinachoshikilia utungo tangu mwanzo hadi tamati. Haukudumu kwa kulindwa kabatini. Uliotumika kusimulia vita vya Mtume katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ulitumika kusimulia Vita vya Majimaji kwa kalamu ya Abdul Karim bin Jamaliddini, na Vita Kuu ya Pili kwa kalamu ya Shaaban Robert. Kanuni zilibaki zilezile. Kazi ilibadilika, na kila mara ilikabidhiwa hadhira iliyokuwa na sababu mpya ya kukaa na kusikiliza. Roki ya kimaendeleo ilibahatika kupata warithi wa kanuni kwa wingi. Warithi wa kazi imewapata wachache.

Basi kauli ya kwamba utanzu huu ulikufa mwaka 1977 haina budi kuachwa, na kauli ya kwamba haukupata dhara lolote nayo iachwe. Hasara ilikuwapo, na ilikuwa ya hadhira. Mhakiki anayetaka kupima afya ya utanzu wowote hana sababu ya kuanza kwa kuhesabu mauzo wala kwa kuhesabu wafuasi. Ingefaa aulize kwanza kama yuko bado msikilizaji asiyeupenda ambaye hata hivyo anaona kwamba imempasa ausikilize mpaka mwisho.